Kuandaa Faili na Mipangilio ya Mashine ya Leza ya Kukata na Kuchonga

Utangulizi

Ndugu mtahiniwa, fundi wa msumeno akiona mstari uliochorwa vibaya husita, hukuna kichwa, kisha hukuuliza. Mashine ya leza haiulizi. Ukichora mstari mara mbili, itakata mara mbili. Ukiandika kasi kwa kizio kisicho sahihi, itachoma ubao hadi uwake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya leza hufanyika kwenye kompyuta, kabla kitufe cha kuanza hakijabonyezwa.

Watahiniwa wengi hukariri namba: "plaiwudi ya milimita 3, nguvu asilimia 60, kasi 12." Namba hizo ni za mashine moja, kwa ubao mmoja, kwa siku moja. Ukipewa mashine nyingine au swali lililobadilishwa kidogo, hazitakusaidia. Lengo la mada hii ni uelewe namba zinatoka wapi, ili uweze kuzitafuta mwenyewe.

Baada ya kujifunza mada hii uweze:

(a) kutofautisha mchoro wa vekta na picha ya rasta;
(b) kuandaa faili lenye vipimo, rangi na mpangilio sahihi wa kazi;
(c) kupima upana wa mkato na kuurekebisha katika mchoro;
(d) kukokotoa uhusiano wa nguvu, kasi na nishati;
(e) kueleza malighafi zisizoruhusiwa kwenye leza na sababu zake.

Kazi tutakayoitumia

Katika mada yote tutatumia kazi moja: kibao cha mlango wa maktaba ya shule. Kibao ni cha plaiwudi ya 3 mm, urefu 200 mm, upana 80 mm. Katikati kuna neno MAKTABA lililochongwa katika eneo la 120 mm kwa 30 mm. Kuna mstari mwembamba wa urembo unaozunguka pembeni, na matundu mawili ya skrubu yenye kipenyo cha 4 mm.

1. Leza hufanyaje kazi?

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, akiwa Bell Labs, alitengeneza leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo aina yake ndiyo inayotumika katika karakana nyingi kukata mbao na akriliki.

Mwale wa leza ya kaboni dayoksaidi una urefu wa wimbi wa takribani mikromita 10.6. Huu ni mwanga usioonekana kwa macho. Vioo huupeleka mwale hadi kwenye lenzi, na lenzi huukusanya kuwa nukta ndogo sana. Katika nukta hiyo nishati hujilundika, na malighafi huungua, huyeyuka au hugeuka mvuke.

Si kila leza hufaa kwa kila kitu:

- Leza ya kaboni dayoksaidi hukata mbao, karatasi, kadibodi, kitambaa cha pamba na akriliki. Huchonga kioo pia, kwa kupasua uso wake nyufa ndogondogo. Chuma kitupu huurudisha mwale huu, hivyo hakichongeki kwa urahisi.
- Leza ya dayodi yenye mwanga wa buluu (takribani nanomita 450) hukata mbao nyembamba, lakini mwanga wake hupita katika akriliki angavu bila kuikata, kama unavyopita dirishani.
- Leza ya faiba (takribani mikromita 1.06) ndiyo hutumika kuweka alama kwenye metali.

2. Kazi tatu za mwale

*Kuchonga.* Kichwa cha mashine huenda na kurudi, mstari baada ya mstari, kama mtu anayefyeka nyasi za uwanja kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Neno MAKTABA litafanywa hivi.

*Kutia mstari.* Mwale hufuata mstari mmoja kwa nguvu ndogo, ukiacha alama bila kutoboa. Urembo wa pembeni utafanywa hivi.

*Kukata.* Mwale hufuata mstari kwa nguvu ya kutosha kupita hadi upande wa pili. Matundu na ukingo wa kibao vitafanywa hivi.

Hapa ndipo tofauti ya vekta na rasta inapoingia. Mchoro wa vekta huhifadhi mistari kwa namba: unaanzia wapi, unapinda vipi, unaishia wapi. Unaweza kuukuza upendavyo bila kuharibika. Mafaili yake ya kawaida ni SVG na DXF. Picha ya rasta ni jedwali la nukta, yaani pikseli, kama picha ya simu. Mafaili yake ni PNG na JPG. Faili la PDF linaweza kubeba aina zote mbili.

Kukata na kutia mstari huhitaji vekta, kwa sababu mwale lazima uwe na njia ya kufuata. Kuchonga hukubali vyote viwili.

Zingatia: Picha ya JPG ya nembo ya shule haikatiki hata kama inaonekana ina mistari. Ni lazima kwanza uifuatishe, yaani uigeuze kuwa vekta, kwa programu kama Inkscape.

3. Hatua za kuandaa faili

Hatua ya 1: Weka kizio na ukubwa halisi. Anza kwa kuweka ukurasa katika milimita, kisha chora kwa ukubwa halisi. Usichore kwa makadirio ukitegemea kurekebisha baadaye.

Hatari kubwa hapa ni kupoteza kipimo faili linapohama kutoka programu moja hadi nyingine. Programu moja inaweza kuhesabu pikseli 96 kwa inchi moja (25.4 mm), na nyingine pikseli 72.

*Mfano wa 1.* Kibao cha 200 mm kimehifadhiwa kwa pikseli 96 kwa inchi, kikafunguliwa kwenye programu inayohesabu pikseli 72 kwa inchi. Kitaonekana kina urefu gani?

Suluhisho: Idadi ya pikseli haibadiliki, ila kila pikseli sasa ni kubwa zaidi.
Urefu mpya = 200 mm × 96 ÷ 72 = 266.7 mm.
Ili kukirudisha, kipunguze hadi asilimia 75 (72 ÷ 96 = 0.75).

Katika DXF kosa linaweza kuwa kubwa zaidi. Milimita zikisomwa kama inchi, mchoro hukua mara 25.4. Kinga ni rahisi: baada ya kufungua faili kwenye programu ya mashine, bofya kibao chote na usome vipimo vyake. Visipokuwa 200 na 80, simama hapo.

Hatua ya 2: Geuza herufi kuwa njia. Fonti uliyoitumia nyumbani huenda haipo kwenye kompyuta ya karakana. Kompyuta hiyo itaweka fonti nyingine, na MAKTABA yako itabadilika umbo na upana. Ukigeuza herufi kuwa njia, huwa ni michoro kama michoro mingine. Hifadhi nakala ya faili la awali kwanza, maana baada ya hapo huwezi tena kusahihisha tahajia kwa kuandika.

Hatua ya 3: Tafuta visiwa. Kama ungetaka kukata herufi za MAKTABA zitoboke kabisa, sehemu za ndani za baadhi ya herufi zingedondoka. Hesabu: kila A ina kisiwa kimoja, na ziko tatu, B ina viwili, M, K na T hazina. Jumla ni visiwa 5. Ili visidondoke, unaacha vidaraja vyembamba kama zilivyo herufi za stensili. Katika kibao chetu tunachonga tu, hivyo tatizo hili halipo.

Hatua ya 4: Ondoa mistari iliyorudiwa. Ukibandika umbo juu ya umbo, kwenye kioo utaona mstari mmoja lakini mashine itakata mara mbili. Matokeo ni ukingo mweusi na muda kupotea, na wakati mwingine moto. Hali hii hutokea sana maumbo mawili yanapopakana na kila moja likawa na mstari wake kwenye mpaka uleule.

Hatua ya 5: Funga maumbo yaliyo wazi. Umbo lisilofungwa haliwezi kujazwa, hivyo programu haitajua ichonge ndani ya nini. Na ukilikata, kipande hakitatoka.

Hatua ya 6: Gawa kazi kwa rangi. Katika programu nyingi za leza, kila rangi ni tabaka lenye mipangilio yake. Rangi hizi si za urembo, ni amri. Kwa kibao chetu:

- Nyeusi: kuchonga neno MAKTABA
- Buluu: kutia mstari wa urembo
- Kijani: kukata matundu ya skrubu
- Nyekundu: kukata ukingo wa nje

Karakana nyingine zina rangi zake zilizokubaliwa. Uliza kabla ya kuchora.

Hatua ya 7: Panga utaratibu wa kazi. Kanuni ni hii: *chonga kwanza, kata ndani, malizia nje.* Ukikata ukingo wa nje mwanzoni, kibao kinaweza kushuka au kusogea kidogo. Chochote kitakachofuata kitakuwa nje ya mahali pake, na matundu yako ya skrubu hayatalingana.

Kuhusu picha za kuchonga. Leza ya kawaida haina rangi ya kijivu. Programu huigeuza picha kuwa nukta zilizotawanywa. Penye kivuli nukta husongamana, penye mwanga huachana. Weka picha katika ukubwa wake halisi kabla ya kuigeuza. Kumbuka pia kwamba mbao hugeuka nyeusi mwale ukipita, lakini kioo hugeuka cheupe. Kwenye kioo, basi, geuza picha: nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, la sivyo sura ya mtu itatoka kama negativu.

4. Upana wa mkato

Msumeno huacha vumbi. Leza huacha moshi. Vyote viwili hula sehemu ya ubao. Sehemu hiyo iliyoliwa ndiyo upana wa mkato. Mara nyingi huwa kati ya 0.1 mm na 0.3 mm, kutegemea lenzi, malighafi na mipangilio.

Mwale hupita katikati ya mstari uliochora, hivyo hula nusu upande huu na nusu upande ule. Kipande cha nje hupungua, tundu huongezeka. Upana wa mkato ukiwa 0.2 mm, kibao cha 200 mm kitatoka 199.8 mm, na tundu la 4 mm litakuwa 4.2 mm. Kwa kibao cha mlango si tatizo. Kwa kisanduku kinachounganishwa bila gundi, ni tatizo kubwa.

Jinsi ya kuupima. Chora mstatili wenye urefu wa 100 mm, uugawe kwa mistari vipande 10 vya 10 mm. Hakikisha kila mpaka una mstari mmoja tu. Kata, kisha panga vipande vyote 10 vikibanana, upime urefu wake kwa venia kalipa. Kila kipande kimepoteza nusu ya upana wa mkato kila upande, yaani upana mmoja mzima. Vipande kumi vimepoteza upana wa mara kumi.

*Mfano wa 2.* Vipande 10 vilivyobanana vina urefu wa 98.2 mm. Tafuta upana wa mkato.

Suluhisho: Upungufu = 100 − 98.2 = 1.8 mm.
Upana wa mkato = 1.8 ÷ 10 = 0.18 mm.

Kwa nini tusipime kipande kimoja tu? Kwa sababu kosa dogo la kusoma kipimo lingeharibu jibu lote. Tukipima kumi kwa pamoja, kosa hilo hugawanywa kwa kumi.

*Mfano wa 3.* Kisanduku kina ulimi wa upana wa 20 mm unaoingia kwenye nafasi ya urefu wa 20 mm. Upana wa mkato ni 0.2 mm. Nini kitatokea, na urekebishe vipi?

Suluhisho: Ulimi utatoka 19.8 mm na nafasi itatoka 20.2 mm. Ulegevu ni 0.4 mm, hivyo kiungo kitacheza. Chora ulimi 20.2 mm na nafasi 19.8 mm, vyote vitatoka 20 mm.

Zingatia: Upana wa nafasi hutegemea unene wa ubao. Ubao unaouzwa kama wa 3 mm huenda usiwe 3 mm kamili. Pima ubao ulio mkononi, usipime lebo.

5. Mipangilio: nguvu, kasi na nishati

Kutoka somo la Fizikia unajua kwamba nishati ni nguvu mara muda. Muda ambao mwale unatumia katika kila milimita ni 1 ÷ kasi. Kwa hiyo:

Nishati kwa kila milimita = Nguvu ÷ Kasi

Nguvu ikiwa kwa wati na kasi kwa milimita kwa sekunde, jibu ni jouli kwa milimita. Hii ndiyo fomula ya kubeba kichwani badala ya orodha ya namba. Inakuambia kwamba ukiongeza kasi mara mbili, nishati inayoingia kwenye ubao hupungua kwa nusu.

*Mfano wa 4.* Mashine ya wati 60 inakata ubao vizuri kwa nguvu asilimia 50 na kasi 10 mm/s. Shule nyingine ina mashine ya wati 80. Ikitumia pia asilimia 50, ianze majaribio kwa kasi gani?

Suluhisho:
Mashine ya kwanza: 50% ya 60 W = 30 W. Nishati = 30 ÷ 10 = 3 J/mm.
Mashine ya pili: 50% ya 80 W = 40 W. Kasi = 40 ÷ 3 = 13.3 mm/s.

Angalia maneno "ianze majaribio". Jibu hili ni la kuanzia, si la mwisho. Bomba la leza huchoka kadiri linavyotumika, lenzi huchafuka, na asilimia inayoonyeshwa kwenye kioo hailingani kila mara na wati halisi zinazotoka.

Kosa la hatari: kizio cha kasi. Mashine nyingine hutumia mm/s, nyingine mm kwa dakika. Kasi ya 10 mm/s ni sawa na 600 mm kwa dakika. Ukiandika 10 kwenye mashine ya mm kwa dakika, itatembea polepole mara 60. Nishati ya 3 J/mm itakuwa 180 J/mm. Hapo hukati tena, unawasha moto.

Mipangilio mingine

*Nafasi kati ya mistari.* Hii ni ya kuchonga. Mistari 254 kwa inchi ni sawa na nafasi ya 0.1 mm, kwa sababu 25.4 ÷ 254 = 0.1. Mistari ikikaribiana, kazi huwa laini lakini muda huongezeka.

*Mfano wa 5.* Eneo la neno MAKTABA ni 120 mm kwa 30 mm. Nafasi ni 0.1 mm na kasi 300 mm/s. Kuchonga kutachukua muda gani, bila kuhesabu muda wa kichwa kugeuka?

Suluhisho: Idadi ya mistari = 30 ÷ 0.1 = 300.
Umbali wote = 300 × 120 = 36,000 mm.
Muda = 36,000 ÷ 300 = sekunde 120, yaani dakika 2.

*Idadi ya mapito.* Ubao mnene unaweza kukatwa kwa mapito mawili ya haraka badala ya pito moja la polepole. Mara nyingi ukingo huungua kidogo.

*Umbali wa lenzi.* Mwale ni mwembamba kabisa katika umbali mmoja tu kutoka kwenye lenzi. Lenzi ikiwa juu mno au chini mno, nukta hutanuka, nishati hutawanyika, na mkato huwa mpana usiofika chini. Tumia kipimo kilichokuja na mashine kila unapobadilisha unene wa ubao. Ubao uliopinda nao huharibu umbali huu, ubane pembeni.

*Mpulizo wa hewa.* Hewa hufukuza moshi na ndimi za moto zisikae kwenye mkato, na huikinga lenzi.

6. Jedwali la majaribio

Kabla ya kukata kibao chenyewe, chukua kipande kilichobaki cha ubao uleule. Chora miraba midogo, safu 5 kwa safu 5. Kila safu wima ipe nguvu yake. Kila safu mlalo ipe kasi yake. Andika namba pembeni. Baada ya kukata, chagua mraba uliotoka kwa urahisi, wenye ukingo msafi, kwa kasi kubwa kuliko mingine yote iliyofanikiwa. Hifadhi kipande hicho karakanani na uandike tarehe, aina ya ubao na unene. Mwenzako wa kidato cha tatu atakishukuru.

7. Malighafi na usalama

Hapa makosa hayaishii kwenye ubao.

PVC hairuhusiwi kabisa. Hii ni pamoja na stika za vinaili, vipande vya mabomba ya PVC na ngozi bandia nyingi. PVC ina klorini. Ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo huumiza macho na mapafu. Gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi ya haidrokloriki, na hula reli, vioo na skrubu za mashine.

Ukiwa na plastiki usiyoijua, mwalimu anaweza kuijaribu maabara, mahali penye kutoa hewa chafu. Waya wa shaba hupashwa moto hadi uwe mwekundu, hugusishwa kwenye plastiki, kisha hurudishwa kwenye mwali. Mwali ukiwa kijani, kuna dalili ya klorini. Plastiki hiyo isiingie kwenye leza. Usifanye jaribio hili nyumbani. Kama hakuna wa kulifanya, kanuni ni fupi: *usilolijua, usilikate.*

Malighafi nyingine za kuepuka ni ABS, ambayo huyeyuka na inaweza kutoa gesi ya haidrojeni sayanaidi, na polikaboneti, ambayo hubadilika rangi na hushika moto badala ya kukatika vizuri. Ngozi iliyolainishwa kwa kromiamu nayo iepukwe kwa sababu ya moshi wake wenye sumu.

Kanuni za kazi

1. Usiiache mashine inayofanya kazi peke yake, hata kwa dakika moja. Akriliki na plaiwudi hushika moto.
2. Feni ya kutoa moshi iwashwe kabla ya mwale.
3. Kifuniko kisifunguliwe mwale ukiwa kazini. Mashine ya dayodi isiyo na kifuniko huhitaji miwani maalumu ya urefu wa wimbi wa leza hiyo. Miwani ya jua haifai.
4. Moto ukitokea, zima mashine kwanza kwa swichi ya dharura, kisha tumia kizimamoto cha kaboni dayoksaidi. Usimwage maji kwenye mashine ya umeme.

Muhtasari

- Kukata huhitaji vekta. Kuchonga hukubali vekta na rasta.
- Thibitisha vipimo baada ya kuhamisha faili, si kabla tu.
- Rangi ni amri. Chonga kwanza, kata ndani, malizia nje.
- Upana wa mkato hupunguza kipande na kuongeza tundu.
- Nishati kwa milimita = nguvu ÷ kasi. Chunga kizio.
- Jaribu kwenye kipande kilichobaki cha ubao uleule.
- Usilolijua, usilikate.

Maswali ya marudio

1. Mwanafunzi ameleta nembo ya shule katika faili la JPG na anataka ikatwe. Eleza kwa nini haiwezekani mara moja, na afanye nini.
2. Neno DODOMA linakatwa litoboke kabisa. Vitadondoka visiwa vingapi? Toa njia moja ya kuzuia.
3. Vipande 10 vilivyochorwa vya 10 mm vimebanana kuwa 97.6 mm. (a) Tafuta upana wa mkato. (b) Tundu lililochorwa kwa kipenyo cha 6 mm litatoka na kipenyo gani?
4. Mashine ya wati 100 inatumia asilimia 40 kwa kasi 16 mm/s. (a) Tafuta nishati kwa kila milimita. (b) Kasi ikipunguzwa hadi 8 mm/s, nishati itakuwa ngapi?
5. Wanafunzi wawili wana faili moja na ubao mmoja. Wa kwanza amekata ukingo wa nje kwanza. Wa pili ameumalizia. Kibao cha nani kina uwezekano mkubwa wa kuwa na matundu yaliyohama? Toa sababu.
6. Rafiki yako anataka kukata herufi za stika ya vinaili kwenye leza ya shule. Mpe sababu mbili za kumkataza.

Mwongozo wa majibu

1. JPG ni picha ya rasta. Haina njia ya mwale kuifuata. Aifuatishe iwe vekta, kisha aondoe mistari iliyorudiwa na kufunga maumbo yaliyo wazi.
2. D mbili, O mbili na A moja kila moja ina kisiwa kimoja, M haina. Jumla ni 5. Aache vidaraja vya stensili.
3. (a) (100 − 97.6) ÷ 10 = 0.24 mm. (b) 6 + 0.24 = 6.24 mm.
4. (a) 40 W ÷ 16 mm/s = 2.5 J/mm. (b) 40 ÷ 8 = 5 J/mm.
5. Cha wa kwanza. Baada ya ukingo kukatika, kibao kinaweza kusogea au kushuka kabla matundu hayajakatwa.
6. Hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayodhuru macho na mapafu. Pia asidi inayotokana nayo hula sehemu za mashine.

Dokezo la mtihani: Katika maswali ya hesabu, andika fomula, weka namba pamoja na vizio vyake, kisha andika jibu na kizio chake. Katika maswali ya kueleza, kila hatua unayoitaja iambatanishe na sababu yake. Anayeandika "kata nje mwisho" ametaja kanuni tu. Anayeongeza "kwa sababu kibao kinaweza kusogea" ameonyesha kwamba anaielewa, na karakanani ndiye hataharibu ubao.